Mwanzi Mdogo wa Bi Bashira

Simu ilinikuta nina udongo mpaka viwikoni. Nikaliona jina lake, nikaiacha ilie. Ikakata, ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu nikajifuta mikono kwenye kanga, nikapokea kwa sauti ya mtu anayetaka kugombana.

"Mahfoudh, si tulikubaliana?"

"Nadhira, nisikilize kwanza. Mama anakwita."

Nikakaa juu ya ndoo. Mama yake, Bi Bashira, ndiye aliyesema kwamba mwanamke aliyeachwa kwa kutozaa hatoingia nyumbani kwake yeye akiwa hai. Mahfoudh ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, na marehemu mumewe, Mzee Anuar, hakuacha wa kulibeba jina lake ila yeye. Bi Bashira hakunificha, namshukuru kwa hilo. Alimwambia mwanawe, na mwanawe akaja kuniambia mimi huku analia, mtu mzima na ndevu zake. Nikamwambia basi, yaishe, radhi ya mama haichezewi. Nikarudi kwenye bustani yangu ya miche hapa Mbweni, nikawa namwagilia huku na mie machozi yananitoka.

"Ananiita kwa lipi?"

"Ule mwanzi unakufa."

Kwa asiyejua, mwanzi mdogo ndio uliotukutanisha. Wala si mwanzi hasa, ni nyasi zinazojifanya mwanzi. Vijiti vyake ni vyembamba na vina pingili, majani yake ni laini na humwagika pembeni ya chungu, na hata uutunze vipi haupiti goti. Mahfoudh ana duka la mapazia Mlandege. Alikuja kwangu kutafuta kitu cha kijani cha kumliwaza mama yake, aliyevunjika nyonga akawa hashuki tena ngazi za nyumba yao ya Mji Mkongwe. Alitaka mwaridi. Nikamwambia mwaridi una miiba na manung'uniko, chukua huu, unataka mwanga wa dirishani na maji tu. Akachukua. Kesho yake akarudi kuuliza habari za maji. Akarudi tena kuuliza habari za jua. Akarudi kuuliza eti ni lazima umwagiliwe kwa mkono wa kulia? Hapo nikajua huyu hakuja kwa ajili ya nyasi.

Na Bi Bashira naye, kama nilivyohadithiwa, akaupenda kupita kiasi. Kila asubuhi kabla ya kugusa chai anausabahi. Asichokijua wakati ule ni nani aliyeuotesha.

"Unakufaje?" nikamuuliza Mahfoudh.

"Ncha zimeungua zote. Umekuwa rangi ya makuti. Mama hali vizuri, Nadhira. Na yule jirani yetu, Bi Khamisa..." Akasita.

"Sema tu."

"Anasema ni jicho lako. Eti tangu ukataliwe."

"Jicho langu! Mie niko Mbweni, mwanzi uko ghorofa ya tatu Mji Mkongwe, jicho langu limeota mbawa?"

"Mie siamini."

"Na mama yako?"

Akaniuliza nitakuja saa ngapi, nami nikapata jibu langu. Nikaelewa na kilichokuwa kinaningoja. Mwanzi ule ukifa, mie ndiye mwenye jicho baya, na hakuna mama Unguja hii atakayetoa radhi mwanawe aoe mwenye jicho baya. Mpaka siku ile nilikuwa mwanamke aliyekataliwa tu. Baada ya hapo nitakuwa mwanamke wa kuogopwa.

"Mwambie nnakuja," nikasema.

* * *

Mahfoudh alikuwa ananingoja barazani. Ningependa kusema kwamba nilimpita bila ya kumtazama, lakini ningekuwa mwongo. Nilimtazama, tena sana. Kanzu ilikuwa inamning'inia mabegani.

"Umekonda," nikamwambia.

"Na wewe je?"

"Mie nafanya kazi za sulubu."

"Na mie nakupenda. Hiyo si kazi ya sulubu?"

"Hebu nibebee hilo kapu, ushaanza."

Akalichukua. Vidole vyetu vikagusana kwenye mkono wa kapu, naye hakuharakisha kuviondoa vyake. Wallahi nilipanda ngazi zote zile na sikuhisi hata moja.

Ukumbi wa juu ulikuwa umejaa moshi wa ubani, utadhani kuna maulidi. Bi Bashira alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, leso nyeupe kichwani, mkongojo ubavuni. Chini, juu ya mkeka, amekaa Bi Khamisa, mwanamke mwenye macho ya kuhesabu vya watu. Na baina yao, juu ya kistuli, mwanzi wangu. Masikini ya Mungu! Nilipouona nilitaka kulia.

"Shikamoo, Bi Bashira."

Alinitazama kuanzia ushungi mpaka vidole vya miguu kabla hajanijibu.

"Marahaba. Kumbe mdogo mdogo hivi. Mie nilidhani jitu."

"Ndiyo nilivyo, Bi."

"Haya, tazama. Wao wanasema wewe ndiye unayeujua."

Nikapiga magoti. Nikatia kidole kwenye udongo: umelowa vizuri. Kisahani cha chini kina maji, kama inavyotakiwa, maana mwanzi huu ukikaukiwa siku moja tu unasusa. Jua la dirishani ni lile la asubuhi, laini. Hakuna mdudu. Lakini pembeni ya chungu, pale udongo unapokutana na ukingo, palikuwa na ukoko mweupe. Nikauchukua kwa ncha ya kidole, nikaugusisha ulimini.

Chumvi.

Chumvi mie naijua. Nilipoanza bustani nilileta makumbi ya nazi kutoka kwetu Makunduchi, yale yaliyofukiwa pwani yalainike yasokotewe kamba. Nikayachanganya na udongo nikijiona hodari. Ikaungua safu nzima ya miche, ncha kwanza, kisha jani zima, vilevile kama hivi. Mama yangu analima mwani, akanicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile kila udongo nauonja kwanza.

"Bi Bashira, maji mnayomwagia yanatoka wapi?"

"Ya mvua, ya kwenye tangi. Mahfoudh huyapandisha mwenyewe. Si ndivyo ulivyomwagiza?"

"Ndivyo. Na maji mengine?"

Bi Khamisa akakohoa. Bi Bashira akaitengeneza leso yake.

"Mengine ni ya kisomo," akasema. "Watu wanaingia humu wanausifu, hata mashaallah hawasemi. Nikaona unaanza kunyauka kidogo. Basi kila magharibi nnautilia chumvi ya mawe kwenye bakuli la maji, nnausomea Kul-audhu, nnaunyunyizia. Ulipozidi kukauka, Khamisa akasema tuzidishe. Tukazidisha."

"Tukatia na ubani," akasema Bi Khamisa. "Jicho lenyewe kali."

Na akanitazama mie.

Jamani, ulimi wangu mnaujua. Ulikuwa ushakaa tayari mdomoni. Mtu aliyenitangaza kuwa nina jicho ndiye aliyekuwa anashika bakuli la chumvi! Ningesema neno moja tu, Mahfoudh angesikia, mtaa mzima ungesikia kabla ya adhuhuri. Nikafungua mdomo. Kisha nikamtazama Bi Bashira. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kidole changu chenye ule weupe. Alikuwa keshafahamu. Mwanamke yule alikaa na kile chungu tangu nyonga ilipovunjika, akakipenda, akakiombea kila magharibi, na sasa anangoja nimwambie mbele ya watu kwamba yeye ndiye anayekiua.

Hasira zote zikanitoka. Nikamwonea huruma hata nikashangaa.

"Kisomo hakina kosa, Bi Bashira," nikasema taratibu. "Kisomo usikiache. Ila huu ni mnyonge, chumvi hauiwezi. Usomee kwenye maji matamu tu. Hilo ni jambo dogo, hata mie nimeunguza miche yangu kwa chumvi, muulize mama yangu."

"Kwa hivyo nimeuua mie."

"Haujafa."

Nikauinua kwenye chungu chake, nikapangusa udongo pembeni, nikamwonyesha. Chini kabisa ya shina, katikati, mizizi ilikuwa bado myeupe na imejaa.

"Unaona? Huu u hai. Tutauosha chumvi itoke, kisha tutaukata."

"Kukata wapi?"

"Hapa." Nikaweka vidole viwili juu ya udongo.

"Wote?"

"Wote, Bi. Hizi zilizoungua hazirudi kuwa kijani. Zitakula nguvu bure."

"Lahaula!" Bi Khamisa akaruka. "Bashira, huyu kaja kuumaliza! Alichokianza anakimaliza mbele ya macho yetu!"

Bi Bashira hakumjibu. Alikuwa ananitazama mie tu, na sasa hakuwa ananipima, alikuwa anauliza.

"Wewe una hakika?"

"Nina hakika na mizizi. Yaliyobaki ni ya Mwenyezi Mungu."

Akavuta pumzi. "Mahfoudh! Kalete maji."

Akayaleta. Ndoo baada ya ndoo kutoka kwenye tangi la chini, mpaka jasho likamtiririka. Tulikwenda kwenye kijisehemu cha kufulia huko nyuma, mie nimeushika mwanzi, yeye anamimina pole pole, maji yanapita kwenye mizizi yanatoka machafu, kisha masafi, kisha masafi zaidi. Tulikuwa karibu hata nikasikia anavyopumua.

"Kwa nini hukusema?" akaninong'oneza. "Ulikuwa na haki ya kusema."

"Kusema nini? Mama yako alikuwa anauombea."

"Nadhira..."

"Mimina maji, Mahfoudh."

Akamimina. Lakini macho yake yalikuwa hayatazami maji, na maji yakanimwagikia miguuni, na mie sikulalamika. Moyoni nilikuwa nasema alhamdulillah, alhamdulillah, hata kama ni siku moja tu hii, hata kama ni kwa sababu ya nyasi.

Tuliporudi ukumbini nikautia kwenye udongo mpya niliokuja nao, nikatoa mkasi. Bi Bashira akafumba macho.

"Bismillahi," akasema yeye, badala yangu.

Nikakata. Pakabaki kijisafu cha vishina vifupi, kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Bi Bashira akafumbua jicho moja, akaguna kwa uchungu.

"Na usije ukanifanyia mafumbo hapa," akasema ghafla. "Ati kilichokatwa huchipua, ati kilichoachwa hurudi kupendeza. Mie mtu mzima, mafumbo nayajua."

"Wallahi, Bi Bashira, mie nazungumzia nyasi."

Mahfoudh akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Na mdomo wa Bi Bashira ukacheza kidogo, upande mmoja.

"Utarudi lini?"

"Ukiniita."

"Nshakwita. Uje kila Jumatatu mpaka nione jani. Na wewe Mahfoudh, Jumatatu ukae dukani kwako. Hapa kuna matibabu, hapana mazungumzo."

* * *

Basi nikawa nakwenda. Mwanzo nilikuwa nakaguliwa tu: napanda, natia maji, natazama, nashuka. Kisha siku moja pakawa na kikombe cha pili cha chai ya mkandaa, ile isiyo maziwa… la, nakosea, ilikuwa ya majani ya zaatari, dawa ya kifua, maana nilikuwa na mafua na Bi Bashira alinisikia nikikohoa kwenye ngazi. Siku nyingine akaniuliza mama yangu hajambo, mwani umepata bei? Siku nyingine akanionyesha kwenye simu wajukuu zake wa Maskati, watoto wa mabinti zake, wanene, wazuri, wanampungia bibi mkono kisha wanakimbia kabla hajamaliza kuwauliza wamekula nini.

"Wananipenda," akasema, akiifunika simu kwa kiganja. "Ila hawana nafasi."

Nikamkanda miguu siku ile. Hakuniambia nimkande, nami sikumuuliza. Nilichukua mafuta ya nazi dirishani nikaanza, akaniachia.

Mahfoudh alikuwa anatii amri, anakaa dukani. Lakini njia yangu ya kwenda kupanda gari inapita Mlandege, hilo si kosa langu. Nikipita, mita yake ya kupimia mapazia humponyoka mkononi.

"Bado?" huuliza.

"Bado."

"Mie nangoja."

"Unangoja nyasi?"

"Nangoja nyasi, nangoja mama, nangoja wewe. Kungoja nishakuwa fundi."

Na kusema kweli niliogopa. Jumatatu zikapita, vishina vikakaa kimya, Bi Khamisa akawa kila nikiingia anatazama chungu kisha ananitazama mie, anatikisa kichwa, anasema "Innalillahi" chinichini. Usiku nilikuwa najiuliza labda nilikata mno. Labda chumvi ilishafika ndani. Nilimwomba Mungu, jamani, niliomba kwa ajili ya kichungu kile kama mtu anayeombea mgonjwa.

Kisha Jumatatu moja, kabla sijamaliza ngazi ya pili, nikasikia sauti kutoka juu.

"Nadhira! Nadhira! Ndiwe?"

"Naam, Bi!"

"Panda! Panda mbio, mwanangu!"

Mwanangu! Nikapanda mbio.

Mahfoudh alikuwepo, kaitwa kutoka dukani. Bi Khamisa naye alikuwepo. Na Bi Bashira alikuwa amesimama, amesimama kwa miguu yake, kaegemea dirisha, mkongojo umeanguka chini. Kwenye chungu, baina ya vishina vile vikavu, vilikuwa vimetoka vichipukizi. Vijani laini, kijani kibichi, vingi, vingine vimeshajikunjua. Nikaweka kiganja mdomoni.

"Alhamdulillah," nikasema. "Alhamdulillah, alhamdulillah."

Niliona kwamba vimebanana upande mmoja, basi nikakaa chini palepale, nikautoa, nikaugawa kwa mikono pole pole, sehemu mbili zipate nafasi, udongo ukatapakaa sakafuni. Bi Bashira akarudishwa kitini na Mahfoudh, akawa ananitazama nikifanya kazi.

"Mungu kanionyesha," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. "Nilimwomba anionyeshe, kanionyesha. Kilichokuwa kikavu kimechipua mkononi mwako. Hii ni fali, ishara ya kheri, na fali njema haikataliwi. Na wewe tumbo lako litafunguka hivihivi, inshallah. Nitamwona mjukuu wa Anuar. Mahfoudh, nimeridhia. Muoe."

Mahfoudh akashika ukuta. Hata Bi Khamisa akainua mikono kuomba dua.

Nami ndio wakati wa kuinuka, si ndivyo? Kuinuka, kumbusu mkono, kulia, kushukuru. Nilichokuwa nakililia tangu nilipokataliwa kiko mbele yangu, nimepewa, bado kupokea tu. Lakini nilikuwa na mwanzi mikononi, na niliyajua yote yaliyoufanya uchipue, moja baada ya jingine. Nikamtazama mwanamke yule aliyesimama kwa furaha, nikaona mwaka ukipita, na wa pili, naye ananitazama tumbo kila Jumatatu.

"Bi Bashira," nikasema, "nakushukuru. Mungu anajua ninavyokushukuru. Lakini usinipokee kwa fali."

"Unasemaje?"

"Hizi ni nyasi, Bi. Zimechipua kwa sababu mizizi ilikuwa mizima na tuliiosha. Mie sina hakika na tumbo langu kama nilivyokuwa na hakika na mizizi ile. Niliolewa na mume wangu wa kwanza, Usi, kwa miaka, sikupata mtoto. Madaktari hawakuona kasoro, wala hawakunipa ahadi. Huenda nikazaa. Huenda nisizae mpaka nife. Nikiingia humu kwa ahadi ya nyasi, nitakuwa nimekudanganya, na wewe siku moja utanichukia, na mie sitaki unichukie. Nshakuzoea."

Nikauinamia mwanzi, nikaendelea kuutia udongo.

"Mwanamke huyu ana wazimu!" Bi Khamisa akasema. "Kapewa mkononi, anatupa!"

"Nyamaza, Khamisa," akasema Bi Bashira.

Huko chini mtu alikuwa ananadi madafu, akapita, sauti ikapotea uchochoroni. Sikuthubutu kumtazama Mahfoudh. Nilikuwa nafikiri, basi, nimekivunja kwa mikono yangu, na yeye atakuja kunilaumu, na atakuwa na haki.

"Mahfoudh," mama yake akaita. "Haya anayoyasema uliyajua?"

"Naam, mama. Aliniambia siku ileile nilipomtajia ndoa."

"Na ukaridhika?"

"Niliridhika." Akaja akakaa chini karibu na kiti chake, lakini macho yake kwangu. "Mama, mie nikimwomba Mungu mtoto, namwomba mtoto wa Nadhira. Akitupa, tutamshukuru. Asipotupa, nitakuwa nimepewa Nadhira, na hapo pia nna deni la kushukuru maisha yangu yote. Ila bila ya radhi yako siwezi. Hilo yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza."

"Yeye ndiye aliyekukataza?"

"Nilitaka tuoane kimya kimya nikutake radhi baadaye. Akanifukuza bustanini na ndoo mkononi."

Bi Bashira akanigeukia. Machozi yakawa yanamteremka bila ya yeye kuyashughulikia.

"Nina wajukuu sita Maskati," akasema. "Sita, mashaallah. Hakuna hata mmoja anayejua mguu unaoniuma ni upi." Akaipapasa nyonga yake. "Wewe unaujua."

"Wa kushoto," nikasema.

"Wa kushoto. Hukuniuliza, ukaushika." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Na siku ile ya chumvi ulinisitiri. Ulidhani sikuona? Niliona. Nikasema, huyu ana adabu, lakini adabu watu wengi wanayo wakiwa na haja. Leo nimekupa haja yako yote, na wewe umenirudishia mkononi ili usinidanganye. Mie katika umri huu nitampata wapi mwengine wa hivyo? Jina la Anuar ataliangalia Mungu Mwenyewe, alilitoa Yeye." Akavuta pumzi, akanyoosha mgongo. "Mahfoudh, nilichosema kwanza nimekifuta. Nasema upya, na Khamisa awe shahidi, maana habari zangu yeye ndiye redio. Nimeridhia. Kwa mtoto na bila ya mtoto. Ijumaa ami zako, Silima na Duni, waende Makunduchi kwa baba yake, waseme nimewatuma mie, na wasikubali kurudi bila ya jibu."

Mahfoudh aligeuka kuelekea kibla, akaanguka akasujudu palepale alipokuwa, juu ya udongo wangu wote uliotapakaa, akakaa hivyo huku mabega yanamtikisika. Mie nilikuwa nimeuinamisha uso kwenye magoti ya Bi Bashira, sijui nilifikaje, na mkono wake ulikuwa kichwani kwangu, mzito, unanipapasa pole pole.

Mahfoudh aliponyanyuka kutoka kwenye sijda alikuwa na udongo kipajini, puani, kwenye ndevu, machozi yameukoroga ukawa tope. Akatugeukia anatabasamu, hana habari. Bi Bashira akamtazama, akanitazama mie, akaanza kucheka, kicheko ambacho Bi Khamisa aliniapia baadaye kwamba hakukisikia nyumbani mle tangu Mzee Anuar afariki.

"Kanawe uso, bwana harusi," akasema. "Bi harusi keshakuona, sasa hakimbii tena, lakini baba yake asije akasikia tunamwoza mwanawe kwa mtu aliyefukuliwa kaburini."